Daftari la Mafuta ya Taa

Lita moja ya mafuta ya taa ni gramu mia nane.
Hilo silibishanii, nimepima mwenyewe
juu ya mizani ya dagaa, dumu nikalitoa hesabuni,
mbele ya Kwandu na kalamu yake.
Miaka kumi na tisa nauza mafuta hapa Igombe,
najua uzito wa kitu kabla hakijatua.

Akainamia daftari langu la madeni
(lake limejaa, na kesho mwalimu anakagua),
akaandika nyuma ya ukurasa wa Malegesi:
kaboni kumi na mbili, haidrojeni ishirini na sita.
Ndiyo mafuta hayo, mama, ukiyachungulia kwa ndani.
Gramu mia na sabini zikiungua
zinatoa mia tano ishirini na nane za hewa ya kaboni.
Akagawa, akazidisha, akafuta kwa kidole chenye mate,
akanipa jibu kama anayerudisha chenji:
gramu elfu mbili, mia nne themanini na tano.

Nikacheka.
Mwanangu, mizani hiyo imechezewa.
Wachuuzi nawajua, wafichao jiwe chini ya sahani,
ila hata wao hawajathubutu
kupokea gramu mia nane wakatoa kilo mbili na nusu.
Kitu kikiungua hupungua.
Banda la Sumbuka liliteketea lote, nguzo na bati na nyavu,
tukazoa madebe mawili ya jivu.

Hakunijibu. Akawasha karabai,
akapiga pampu mpaka ikavuma,
akasema: sikiliza, inavuta.

Nikasikiliza.
Kumbe si kunguruma.
Ni kitu kinachovuta pumzi, kinakula kwa pupa,
na chakula chake ni huu upepo wa ziwa
unaopita mlangoni bila hodi.
Oksijeni, mama. Karibu kilo mbili na gramu mia nane
kwa kila lita unayouza.
Mbia! Mtaji wake mara tatu na ushei ya wangu,
hajawahi kudai, hajatia hata dole gumba,
jina lake halimo kwenye daftari.

Na maji?
Yamo pia, akasema, zaidi ya lita, yanapanda kama mvuke.
Hapo nikanyamaza kabisa.
Moto unanyesha, nami sikujua.

Tukaendelea, usiku ukiwa bado mbichi.
Mtumbwi wa Malegesi una karabai nne,
kila moja inakunywa lita na nusu hadi alfajiri:
sita. Mara usiku ishirini wa giza,
maana mwezi ukiwaka dagaa hawadanganyiki.
Lita mia na ishirini.
Kwandu akapiga mstari chini, mistari miwili:
kilo mia mbili tisini na nane.
Magunia matatu ya mahindi, kasoro kibaba,
yamepakiwa angani na mtumbwi mmoja kwa mwezi mmoja,
bila kuli, bila ushuru,
na mitumbwi ninayoihudumia ni kumi na minne.

Akalala kalamu ikiwa mkononi.
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake: ANGA.
Halafu nikakwama.
Upande huu huandika wanaonidai,
upande ule ninaowadai.
Mzigo ni wetu, ghala ni lake,
hatujakubaliana bei ya kutunza
wala siku ya kuja kuuchukua.
Nikaacha jina peke yake, kalamu imetoboa karatasi kidogo.

Jioni iliyofuata Malegesi alikuja na dumu lake la njano.
Vijana wake wawili wamehamia taa za betri kisiwani,
yeye anasema betri haina joto, mkono unaganda.
Nipimie sita, mama Kwandu, uandike.
Nikashika kopo, nikamimina, nikahesabu kwa sauti kama siku zote,
moja, mbili, tatu,
na moyoni, bila kutaka,
mbili na nusu, tano, saba na nusu,
mpaka kumi na tano.

Mbona leo mkono wako mzito? akauliza.
Nikamwambia, mafuta yamepanda.